Presha ya Kupanda, Presha ya Kushuka

Mama yangu hakuwahi kuelewa vizuri nilichoenda kusomea Ulaya, na kosa ni langu. Siku ya kwanza aliponiuliza kwenye simu nilikuwa nimesimama kituo cha tramu, vidole vimeganda, nikamjibu haraka haraka: "Tunapima presha, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Wazungu nao inawasumbua. Tangu siku hiyo, nikipiga simu nyumbani, baada ya shikamoo na marahaba na habari za mahindi, swali lilikuwa lilelile: "Na hiyo presha, inapanda au inashuka?"

Sikumsahihisha. Neno tulilofundishwa shuleni, kanieneo, lingemchanganya zaidi. Isitoshe, nilivyozidi kukaa maabara niligundua kwamba swali lake ndilo swali letu. Unachukua metali, unaibana, unaipoza, kisha unatazama: joto linaloigeuza kuwa superkondakta limepanda au limeshuka? Watu wanalihangaikia hilo tangu mwaka 1925, wanafizikia Sizoo na Kamerlingh Onnes walipobana bati na indiamu mjini Leiden, Uholanzi, wakaona joto la mpito linashuka.

Superkondakta ni nini? Neno kondakta kwetu lina mtu ndani yake. Ni yule kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala, sarafu zinalia mkononi, anayetoza nauli kila kichwa. Waya wa shaba nao uko hivyo. Umeme unapita, lakini kila elektroni inalipa kitu njiani, na nauli hiyo ndiyo joto unalolisikia ukigusa waya wa pasi iliyofanya kazi asubuhi nzima. Darasani tunaiita ukinzani. Mwaka 1911, hukohuko Leiden, maabara ya Kamerlingh Onnes ilipoza zebaki kwa heliamu iliyogeuzwa kimiminika. Ilipofika kelvini 4.2 hivi, yaani nyuzi 269 chini ya sifuri ya selsiasi, konda aliacha kutoza. Hakupunguza bei; aliacha. Ukianzisha mkondo kwenye pete ya metali iliyo katika hali hiyo kisha ukaondoa betri, mkondo unaendelea kuzunguka wenyewe, mwezi hadi mwezi.

Na konda huyohuyo ndiye anayepiga kelele, "Tubanane jamani, nyuma kuna nafasi!"

Metali zangu hazikuwa metali tupu. Zilikuwa kampaundi za metali kwa metali, ambazo watu wengi huzichanganya na aloi. Katika aloi, kama shaba ya njano ya bomba, zinki hukaa popote ilipopata nafasi. Kampaundi ya metali ni bao lililokwisha kupangwa: kila shimo lina kete zake, na ukihamisha moja umeharibu mpangilio. Niobiamu tatu kwa bati moja, Nb3Sn, inajulikana tangu mwaka 1954 kwamba inageuka superkondakta kwenye kelvini 18, na leo imesokotwa ndani ya sumaku kubwa za ITER, mradi wa kujaribu nishati ya muungano wa nyuklia kusini mwa Ufaransa. Ya kwangu ilikuwa CeRhIn5: seriamu moja, rodiamu moja, indiamu tano. Hiyo ndiyo iliyonila miaka mitatu.

Kabla ya kuieleza, nieleze kwanza kwa nini kubana huua superkondakta nyingi, kwa sababu hiyo ndiyo kawaida na CeRhIn5 ndiyo kichaa. Maelezo ni ya wanafizikia Bardeen, Cooper na Schrieffer, mwaka 1957. Mimi nayaeleza kwa kitanda cha kamba. Elektroni zote ni hasi, zinasukumana, lakini zinatembea juu ya wavu wa atomu unaobonyea. Elektroni moja ikipita, kamba zinaiinamia kidogo. Kabla hazijarudi mahali pake, elektroni ya pili inateleza kwenye bonde lile. Zinakwenda wawili wawili, na zikiwa jozi hazitozwi nauli. Sasa kiwambe kitanda upya, kaza kamba mpaka zilie. Bonde halitokei tena. Shinikizo hufanya hivyo kwa metali kama risasi: wavu unakakamaa, jozi zinalegea, joto la mpito linashuka. Risasi huanza na kelvini 7.2 na hupoteza zaidi kidogo ya theluthi ya kelvini kwa kila gigapaskali. MgB2, kampaundi ya magnesiamu na boroni iliyotangazwa Japani mwaka 2001 ikiwa na kelvini 39 na kuwakosesha watu usingizi, hupoteza zaidi ya kelvini moja kwa kila gigapaskali.

Gigapaskali moja ni karibu angahewa 10,000. Ili uipate kwa kuzama majini ungehitaji bahari yenye kina cha kilomita 100, na bahari hiyo haipo duniani. Shimo la Mariana lina kilomita 11 tu.

Kwa hiyo tunaitafuta mezani. Chombo chenyewe kinaitwa seli, na ukikiona utadhani ni kipuri cha lori: mtungi mnene wa shaba yenye beriliamu, mrefu kama kiganja, na katikati tundu la milimita tano. Ndani ya tundu kuna kikombe cha teflon, ndani ya kikombe mafuta, ndani ya mafuta sampuli, kipande cha fuwele kinachong'aa, chenyewe kidogo kuliko punje ya ufuta. Juu ya punje hiyo unabandika nyaya nne za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, mbili za kupeleka mkondo na mbili za kupima volti. Gundi yake ni rangi ya fedha ambayo hukauka wakati wewe bado unatafuta pa kuiweka. Yote hayo chini ya hadubini, kibano mkononi, pumzi umeshika. Nilijifunza kutokunywa kahawa siku za nyaya. Pembeni ya sampuli unaweka kijipande cha risasi. Hicho ndicho kipimo chako, kwa sababu ukijua risasi imegeuka kwa joto gani, unajua umebana kiasi gani. Nilipenda jambo hilo tangu siku ya kwanza: udhaifu wa metali moja ndio rula ya kupimia nyingine.

Kubana nilifundishwa na fundi wa karakana, mzee wa maneno machache. Seli inasimamishwa kwenye jeki ya haidroliki, unapampu taratibu mpaka tani nne zikae juu ya pistoni nyembamba kuliko kalamu. Tani nne ni tembo. Kisha unakaza nati kwa spana ndefu ili seli ibaki imebanwa hata jeki ikiondolewa. Mnasimama pembeni, nyuma ya ngao ya plastiki nene, maana seli ikichoka haipigi hodi.

Mara yangu ya kwanza nyaya tatu kati ya nne zilikatika. Mara ya pili mafuta yalivuja, nikakaa wiki nzima nikisafisha. Fundi hakusema kitu, alininyooshea tu kitambaa.

Baada ya kubana, kupoza, na kupoza ni heliamu. Ni ghali, na maabara yetu iliirudisha kila pumzi yake kwa bomba ili igeuzwe tena kimiminika. Usiku mmoja nilisahau valvu wazi. Mwisho wa maneno yale sijausikia mpaka leo. Kisha Juni 2016 zikatoka habari kwamba watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, wameonyesha kuna heliamu nyingi katika bonde la Rukwa. Wenzangu walinitazama kana kwamba nilikuwa nimeificha. Mimi ni mtu wa Mbeya, chemchemi za maji moto si kitu kigeni kwangu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mapovu yanayotoka ardhini upande ule yana gesi niliyokuwa nikiihesabu kwa lita. Heliamu hiyo imetengenezwa taratibu mno na uraniamu na thoriamu zinazooza ndani ya miamba ya kale. Ulaya niliitafuta kwa fomu za kuagiza.

Turudi kwenye fuwele. Kanuni ni kwamba kabla ya kubana, unaipima sampuli ikiwa huru. CeRhIn5 ikiwa huru haina makuu. Inapofika kelvini 3.8 mstari wa ukinzani unapinda kidogo, basi; mashine yetu iliyokuwa inashuka hadi kelvini 1.5 haikutakiwa kuona zaidi ya hapo. Ilikuwa saa nane usiku. Mstari ukapinda kwenye 3.8 kama ulivyoandikwa. Halafu, kwenye 3.4, ukaporomoka hadi karibu nusu.

Nilisimama. Nikakaa. Nikapandisha joto, nikashusha tena. Ukaporomoka tena palepale. Nilikuwa nimeona superkondakta mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuiona, bila hata kuibana. Nikamwandikia profesa barua pepe yenye alama tatu za mshangao. Asubuhi nikakuta jibu la neno moja: "Indiamu."

Fuwele hizi hupikwa kama maandazi. Unaweka seriamu na rodiamu ndani ya indiamu nyingi kupita kiasi, unafungia kwenye bomba la kioo cha kwatzi, unapasha hadi zaidi ya nyuzi 1,000, kisha unapoza polepole kwa siku nyingi. Fuwele zinakua ndani ya indiamu iliyoyeyuka, na mwisho unaziopoa kwa mashine ya kuzungusha inayochuja indiamu yote. Ila, kama maandazi, mafuta kidogo hubaki ndani. Na indiamu yenyewe, peke yake, ni superkondakta kwenye kelvini 3.4. Nilikuwa nimegundua upya kitu ambacho Leiden walikijua hata babu yangu hajazaliwa.

Aibu ile sikuimeza kirahisi. Nilitaka kutupa fuwele ile, nichague nyingine, niioshe vizuri kwa asidi. Profesa akasema hapana, ibane hivyohivyo. Sikumwelewa siku ile. Nikafunga seli nikiwa nimenuna.

Kwenye nusu gigapaskali, mporomoko wa indiamu ulisogea chini hadi karibu 3.2. Kwenye gigapaskali moja, karibu 3.0. Mtiifu kabisa, kitanda cha kamba kinawambwa. Chini yake hakuna kitu. Nikabana tena, mbili kamili mezani, nikijua kwamba mafuta yakiganda na vyuma vikisinyaa kwa baridi zitabaki kama 1.7. Nikashusha joto. Indiamu ikaporomoka kwenye 2.8 kama deni linalolipwa kwa wakati. Mstari ukaendelea, ukajinyoosha. Kisha, karibu na kelvini 2, nusu iliyobaki ikaanguka mpaka sifuri.

Sasa nilielewa kwa nini profesa alikataa. Kwenye karatasi moja, ndani ya punje moja, nilikuwa na vitu viwili vinavyojibu mbano uleule kwa namna mbili tofauti: indiamu inayoshushwa na shinikizo, na CeRhIn5 inayozaliwa nalo. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nikajua Mbeya wameshaamka, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini saa hizi?"

"Imepanda, mama! Imepanda!"

"Pole sana mwanangu. Punguza chumvi."

Niliyoyaona si ugunduzi. Kikundi cha Los Alamos, Marekani, kilikuwa kimeyatangaza tangu mwaka 2000. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kurudia. Lakini kusoma na kuona ni mbali.

Kwa nini inazaliwa? Jibu liko kwenye seriamu. Kila atomu yake ina elektroni moja iliyojificha ndani, ya tabaka la 4f, na elektroni hiyo ni sumaku ndogo. Chini ya kelvini 3.8 sumaku hizo hujipanga, kila moja imegeuka kidogo kuliko ya jirani yake, kama ngazi za mnara. Na sumaku kwa superkondakta ni mafahali wawili. Zizi moja haliwatoshi. Bernd Matthias, aliyegundua kampaundi nyingi za aina hii kuliko karibu mtu yeyote, aliwaasa watu wakae mbali na usumaku. Uchafu kidogo tu wa atomu zenye usumaku unatosha kuua superkondakta ya kawaida. Ndiyo maana Frank Steglich na wenzake walipotangaza mwaka 1979 kwamba CeCu2Si2, iliyojaa seriamu, ni superkondakta kwenye nusu kelvini hivi, wengi walidhani sampuli zake ni chafu. Baada ya kisa changu cha indiamu, siwalaumu.

Shinikizo linapoingia, halimgusi fahali wa superkondakta moja kwa moja. Linamkamata mwenzake. Atomu zikisogeleana, elektroni ya 4f haiwezi tena kujificha; inachanganyika na elektroni zinazotembea, nazo zinaizingira na kuuzima usumaku wake. Kuzingira huko kunaitwa kwa jina la Jun Kondo, aliyepiga hesabu zake mwaka 1964. (Mjapani. Najua Pwani kuna akina Kondo, nimeshaulizwa.) Ukibana vya kutosha mpangilio wa sumaku unadhoofika, na mahali hasa unapokaribia kufa, ndipo superkondakta inapotokea. Wanafizikia wengi wanaamini kwamba jozi hapo hazifungwi na kitanda cha kamba. Zinafungwa na mitikisiko ya usumaku wenyewe: fahali anayekata roho ndiye anayezifungisha elektroni ndoa.

Picha hiyo ilionekana safi zaidi Cambridge mwaka 1998, katika kampaundi mbili nyingine za seriamu, CePd2Si2 na CeIn3. Zote mbili ni sumaku za mpangilio wa kupishana chini ya kelvini 10 hivi. Zote mbili, zikibanwa karibu gigapaskali 2.5 hadi 2.8, usumaku unaisha na superkondakta inachungulia, nusu kelvini haifiki. Ilihitaji fuwele safi ajabu, kwa sababu jozi za namna hii uchafu kidogo tu unazivunja. Geneva walikuwa wametangulia mwaka 1992 na CeCu2Ge2, wakaibana hadi kama gigapaskali 10, ikaanza kufanya kama ndugu yake, ile ya Steglich. Tofauti ya ndugu hao ni aina moja tu ya atomu: jemaniamu ni nene kuliko silikoni. Ukiibana ile yenye jemaniamu, unafanya kwa jeki kile ambacho silikoni imekifanya kwa udogo wake. Ndivyo ilivyo kwa CeRhIn5 pia. Toa rodiamu, weka kobalti iliyo ndogo zaidi, upate CeCoIn5, ambayo inageuka superkondakta kwenye kelvini 2.3 ikiwa mezani tu, hakuna seli, hakuna tembo.

Halafu kuna UGe2, ya uraniamu na jemaniamu, iliyotangazwa mwaka 2000, ambayo bado inanipa kizunguzungu. Hiyo ni sumaku kweli kweli, ya aina ya chuma. Kati ya gigapaskali 1 na 1.6 hivi inakuwa superkondakta ikiwa bado sumaku, na usumaku ukiisha, superkondakta nayo inaisha. Hapo ile methali ya mafahali inanikwama.

Watu hunitumia habari za superkondakta za joto la chumba, wakiuliza kama ndiyo kazi yangu. Mwaka 2015 kikundi cha Mainz, Ujerumani, kilipata kelvini 203 kwa salfa na hidrojeni zilizobanwa kati ya almasi mbili hadi gigapaskali 155. Mwaka 2019 lanthanamu yenye hidrojeni ikafika karibu 250. Hayo ni makubwa na nayaheshimu. Zipo pia makala mbili za jarida la Nature zilizodai joto la chumba, zikafutwa mwaka 2022 na 2023. Mimi nasema wazi kwamba mbio za rekodi zimetufanya tudharau kelvini mbili. Kule juu shinikizo ni kama pasi ya mkaa, linalazimisha. Huku chini CeRhIn5 inapungua ujazo asilimia mbili au tatu tu. Hatujaongeza atomu yoyote, hatujaondoa yoyote. Tumesogeza majirani chini ya asilimia moja kila upande, na metali imebadili tabia. Ukitaka kubadili tabia hiyo kwa kuchanganya vitu vingine, hutajua kamwe kama ni mbano uliofanya kazi au ni uchafu ulioingiza.

Wiki iliyofuata tulifungua seli. Fundi aliishika kwa jiriwa, mimi nikalegeza nati robo kwa robo, tukisikiliza. Kabla ya kuitoa sampuli niliipoza mara moja zaidi, ikiwa huru. Mstari ukapinda kidogo kwenye 3.8. Indiamu ikaporomoka kwenye 3.4, nusu. Nikaacha mashine iendelee mpaka 1.5, na nusu iliyobaki ikabaki pale pale. Kesho yake nikaitoa kwenye mafuta kwa kibano, nyaya nne zote nzima, nikaifunga kwenye kikaratasi na kuandika tarehe.